Salfa ya Meli, Mawingu ya Bahari

Katikati ya miaka ya 1960, setilaiti za kwanza za hali ya hewa zilipiga picha za mawingu ya Pasifiki, karibu na pwani ya Marekani. Ndani ya mawingu hayo ilionekana michirizi mirefu myeupe. Ilikuwa ikifuata meli.

Meli kubwa za mizigo zilizoea kuchoma mafuta mazito, masalia yanayobaki baada ya petroli na dizeli kutolewa kwenye mafuta ghafi. Yana salfa nyingi. Ikiungua hutoka dohani ikiwa gesi, kisha hewani huwa chembechembe ndogo mno, na mvuke hujikusanya juu ya kila chembe na kuwa tone. Maji ya wingu ni yaleyale, ila sasa yamegawanywa kwa matone mengi madogo, na wingu linang'aa zaidi, kama chumvi ya mawe inavyozidi weupe ikisagwa. Sean Twomey alilieleza hili miaka ya 1970. Wingu la namna hiyo hurudisha mwanga wa jua juu kabla haujaipasha bahari joto.

Tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Michirizi ikapungua sana. Hata radi, ambazo chembechembe hizo huzichochea, zilipungua kwa karibu nusu kwenye njia ya meli ya Bahari ya Hindi kuelekea Mlango wa Malaka.

Joto la dunia lilipovunja rekodi mwaka 2023, na tena 2024, wapo walioilaumu kanuni hiyo. Wanasayansi wanabishana kuhusu mchango wake, ingawa makadirio mengi ni sehemu ndogo tu ya digrii moja. Kwangu mimi, kuijutia kanuni hii ni kosa. Salfa huoshwa na mvua ndani ya siku chache. Hewa ukaa, inayoipasha dunia joto, hubaki angani karne na karne. Joto linalojitokeza sasa tulikwisha kulizalisha, salfa ikalifunika, na gharama ya kulifunika ikabebwa na mapafu na mioyo ya watu wanaoishi kando ya bandari.

Mwishoni mwa 2023 mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikapita kwenye mawingu ya chini yanayotanda nje ya Namibia na Angola. Meli ziliongezeka, lakini kwa mafuta mapya kila moja iliyagusa mawingu kidogo kuliko zamani. Hewa ukaa yake haikupungua: meli bado hutoa karibu asilimia 3 ya ile inayozalishwa na binadamu, na kanuni ya salfa haikuandikwa kwa ajili yake.