Nusu siku Rusizi: Nyumba za ibada, sambaza na bidhaa isiyolipiwa ushuru

RUSIZI – Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kamembe, foleni katika daraja la Rusizi ya Kwanza huwa imeshajipanga. Akina mama wamebeba nyanya, mayai na mboga kwenda Bukavu. Wengine wanatoka upande wa pili na vitenge vilivyokunjwa vizuri kichwani. Salamu ni za lugha tatu au nne, lakini bei hutajwa kwa Kiswahili.

Ikifika saa 3 asubuhi, wengi wameshakabidhi mzigo. Kinachobaki ni kungoja: mteja alete hela, gari lijae, karatasi igongwe muhuri. Ni saa 4 au 5 za kukaa juu ya gunia tupu. Saa hizo ndizo miji mingine duniani imezigeuza kuwa biashara.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata nguo na vito Bangkok, mji mkuu wa Thailand, wanaifahamu biashara hiyo. Pale mgeni mwenye asubuhi moja tu huuziwa ziara ya nusu siku. Kiongozi humpeleka Wat Pho, hekalu la Wabudha lenye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46. Kisha huvuka mto Chao Phraya kwa kivuko hadi Wat Arun, na kumalizia kwenye bakuli la supu ya tom yum au sahani ya tambi za pad thai. Mahekalu yalijengwa kwa ajili ya sala na chakula kilipikwa kwa ajili ya wenyeji. Mgeni analipia mpangilio: nani atamwongoza, avae nini, avue viatu wapi, ale wapi bila kuumwa tumbo, na arudi saa ngapi.

Hekalu la Wabudha si jambo geni hata katika kanda hii. Dar es Salaam inalo moja katika eneo la Upanga, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Rusizi haina hekalu la namna hiyo. Ina nyumba zake za ibada, ziwa lake na jiko lake, na vyote vinatosha kwa asubuhi moja.

Njia yenyewe inaanzia chini, Cyangugu ya zamani, mahali ambapo Ziwa Kivu linajimimina katika mto Rusizi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mgeni akisimama hapo, Bukavu iko mbele yake, ng'ambo ya maji. Saa ya mkononi haihitaji kubadilishwa, kwani pande zote mbili zinafuata saa moja. Jambo la kwanza ambalo kiongozi mzuri husema hapa ni la usalama: daraja, askari na maofisa wa mpaka hawapigwi picha bila ruhusa.

Kutoka hapo barabara inapanda kwenda Kamembe, ambako soko, benki na stendi ya mabasi vipo. Wenye miguu mizuri hutembea, wengine huita motari. Njiani ndipo lilipo kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Cyangugu, jimbo lililoundwa mwaka 1981 baada ya kumegwa kutoka Jimbo la Nyundo.

Hapa ziara hubadilika sauti. Aprili 1994, Watutsi waliokuwa wakiwindwa walikimbilia katika kanisa hilo wakiamini kwamba nyumba ya Mungu ingewalinda. Tarehe 15 mwezi huo walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka, ambako baadhi yao walitolewa kwa majina na kuuawa. Mwisho wa mwezi huohuo waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi, zilizoko katika eneo hilohilo la Cyangugu, walishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi mwaka 2010 kwa mauaji ya parokia hizo mbili.

Kiongozi anayeruka habari hii ili mgeni asikose hamu ya chakula anauza bidhaa pungufu. Anayeisimulia kama tamasha anauza bidhaa mbovu. Inasemwa kwa ufupi, kwa tarehe na kwa heshima, kisha watu wananyamaza kidogo. Watu wa Rusizi wana ndugu waliopotea katika habari hiyo, na mgeni anapaswa kujua amesimama wapi.

Kituo kinachofuata ni Kamembe, katika msikiti. Kwa msomaji wa gazeti la Kiswahili, kituo hiki kina uzito wa pekee. Uislamu na Kiswahili viliingia Rwanda pamoja, kwa wafanyabiashara na askari waliofika wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwa miaka mingi lugha hii ilihesabiwa kuwa ya sokoni na ya mtaa wa Waislamu, hadi mwaka 2017 ilipopitishwa sheria ya kuifanya lugha rasmi ya nchi. Taratibu za msikitini zinafanana na zile za Wat Pho: viatu mlangoni, mabega yamefunikwa, sauti ya chini. Wageni hawapelekwi saa ya swala ya Ijumaa, na ruhusa huombwa mapema kwa wasimamizi.

Saa 6 mchana njaa huanza kusema, na jibu lake ni sambaza. Samaki hawa wadogo hawakuwa wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio uhai wa wavuvi wa pande zote mbili. Huvuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwavuta samaki kwenye wavu, na wavuvi wakiimba. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane, hivyo mwandaaji wa ziara sharti ajue kalenda hiyo kabla hajaahidi sahani.

Sambaza hukaangwa wakawa wakavu, wakaliwa na ndizi, ugali wa muhogo na isombe, pamoja na pilipili ya akabanga. Wali unatoka bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya, na chai inatoka mashamba ya Shagasha. Mgeni anayetaka kubeba sambaza wakavu atafungiwa kwenye karatasi, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008. Saa 7 mchana anakuwa darajani.

Faida kwa mfanyabiashara ni ipi? Anayevuka na nyanya anajua hofu ya mpaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, na shughuli za Ruhwa zikasimama. Februari 2025 vita ikafika Bukavu. Gunia la nyanya halivumilii siku mbili za kusubiri, na deni lililoko ng'ambo halilipiki njia ikifungwa. Ziara ya nusu siku haiozi wala haipiti mizani. Mlaji wake mwingine hahitaji hata kuvuka: ni yule aliyetoka Kigali, au anayepita kutoka msitu wa Nyungwe na ambaye kwa kawaida huiona Rusizi kupitia dirisha la gari.

Vikundi vya akina mama wanaovuka kila siku vina mtaji ambao hauuzwi dukani. Wanajua lugha za pande mbili, wanajua sambaza wa jana na wa leo, na wanajua nani anaaminika. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu. Shughuli za utalii nchini Rwanda husimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na leseni huanzia huko. Anayeongoza wageni kimyakimya anaweza kupoteza zaidi ya alichopata. Bei itajwe kabla ya safari, kwa sarafu moja, na chakula kihesabiwe ndani yake. Visa ya pamoja ya watalii inaziunganisha Rwanda, Uganda na Kenya peke yake. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022 lakini haimo katika visa hiyo, hivyo mgeni asiahidiwe Bukavu kabla karatasi zake hazijaangaliwa.

Jioni foleni ya darajani hugeuka upande wa pili. Magunia yamekuwa matupu na vikapu vyepesi. Anayerudi na hela ya nyanya anashukuru Mungu. Anayerudi na hela ya nyanya pamoja na ya saa 4 za katikati ya siku, huyo ndiye ambaye kesho mpaka ukichelewa kufunguliwa, watoto wake bado watakula.