Nani anachunga santineli?

Wandugu, wengi wenu munanijua: mimi ni mtu wa agronomia, siyo wa informatiki. Lakini kwetu, ukisha tengeneza kompyuta ya shefu mara moja, unakuwa informatisie wa nyumba nzima. Ndivyo nilivyokabiziwa seva ya kuchunga mtandao.

Seva hiyo ni kama santineli. Kila dakika inauliza vyombo vingine: uko? Inauliza antena, ruta, kompyuta za ofisi, hata kipima joto cha chumba cha baridi tunamowekaka mbegu za viazi. Kimoja kikikosa kujibu, inanitumia ujumbe kwa telefone.

Miaka miwili iliyopita, tarehe 29 Juni mangaribi, umeme ulikatika. Betri zilishikilia masaa machache, zikaisha. Chumba cha baridi kikazima, ruta ikazima, na seva yenyewe ikazima, juu vyote vilikuwa kwa betri zile zile. Mimi niko nyumbani na sikukuu, naangalia telefone: hakuna ujumbe. Kesho yake hakuna. Nikasema Mungu asante, kila kitu kiko sawa. Santineli wa mlangoni, yule mtu mwenyewe, alikuwepo, lakini ufunguo wa chumba hana.

Siku ya nne tulipofungua, harufu ndiyo ilitupa habari. Kiazi kinapumua hata ndani ya gunia. Ukikifungia bila hewa kinatoa joto na maji, na ubovu unaingia. Tulitupa magunia 11 ambayo wakulima walikuwa wanangojea kwa kupanda mwezi wa tisa. Mama mmoja akaniuliza: « Mwanangu, ile mashini yenu haikuona? » Nilikosa jibu. Ilikuwa imekufa mbele ya kuona.

Toka siku hiyo nikaanza kusoma, na nikakuta nilikuwa nachanganya mambo mawili: kuwa na nakala, na kuwa na mtu wa pili wa kushika kazi.

Nakala nilikuwa nayo, kwa disiki ya nje. Watu wa shamba tuko na mfano mzuri. Benki ya mbegu ya ICARDA ilikuwa karibu na Aleppo, Syria. Vita vilipoharibu kazi yao kule, mwaka 2015 waliomba mbegu zao walizokuwa wameweka Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norway. Nakala iliwaokoa, hilo halina ubishi. Lakini ilibidi kwanza wazipande tena, Lebanon na Morocco, wangojee mavuno, ndipo mwaka 2017 wakaanza kurudisha akiba Svalbard. Nakala ya seva ni vile vile: inakurudishia kazi yako, lakini haichungi kitu usiku ule mashini imekufa. Na disiki mbili ndani ya seva moja, zenye kuandika kitu kimoja, hizo hata siyo nakala. Ukifuta faili kwa makosa, inafutika kote kubili.

Mtu wa pili sasa. Programu ya Zabbix, toka toleo 6.0 la mwaka 2022, inakubali seva mbili: moja inafanya kazi, ingine inangoja. Ya kwanza ikinyamaza dakika 1, kama hamukugusa mpangilio, ya pili inashika. Nilifurahi sana, mpaka nikasoma mbele kidogo: zote mbili zinatumia baze ya data ile ile. Baze ikianguka, zote zinaanguka. Donc baze nayo inaomba pacha wake. Na ukiweka mashini hizo zote kwa meza moja, kwa betri moja, umenunua mashini mbili za kufa pamoja. Mimi ningekuwa nazo ile 29 Juni, viazi vingeoza tu.

Kwa vituo vya mbali kuna proxy, kompyuta ndogo inayokusanya vipimo palepale. Seva kubwa ikikosekana, inavitunza na kuvituma baadaye. Muangalie muda: isipobadilishwa inatunza saa 1 tu. Kwetu umeme unaweza kukosa siku nzima, saa 1 ni nini?

Kilichotusaidia kweli ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na aibu ni kwamba nilikifikiria mwisho. Tuligeuza swali. Kila dakika 5 seva yetu inatuma ishara kwa kompyuta ya wenzetu, mji mwingine, umeme mwingine, intaneti ingine. Ishara ikikosa kufika mara tatu, ile ya kule ndiyo inatuma SMS, bila kungoja kitu toka kwetu. Zamani kimya kilikuwa habari njema. Sasa kimya ndiyo alarme. Tulitenga pia betri ndogo ya ruta na seva peke yake, na ufunguo mmoja wa chumba unabaki mlangoni.

Kama muko na pesa kidogo, muanzie pale. Seva ya pili itakuja.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nachomoa waya wa seva bila kuambia mtu, kisha naangalia saa. Mara ya kwanza nilingojea dakika 40, hakuna telefone iliyolia. SMS zilikuwa zimetoka vizuri kabisa, zote kwa namba ya mwenzetu aliyeacha kazi mwezi wa pili.