Kamba ya Mita Kumi na Tatu

Wanangu wa Miyuji hapa Dodoma, kabla sijaanza nileteeni kamba. Hiyo ya kuanikia nguo inatosha, mradi mama asituone. Mmoja ashike ncha hapa mlangoni, mwingine aende nayo hatua kumi na tatu ndefu za mtu mzima kuelekea barabarani. Basi, simama hapo! Itazameni ilivyolala vumbini, kisha isimamisheni kichwani mwenu: ipande, ipite bati, ipite ule mwarobaini wa jirani. Inapoishia ndipo penye kichwa cha mjusi wa Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27. Twiga wawili wakipandana mabegani hawamfikii.

Mjusi huyo ni dinosaria. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Lindi, huko huko Tendaguru. Lakini ukienda Lindi kumtafuta utarudi mikono mitupu. Yuko Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, katika makumbusho ya viumbe na mawe ya kale, mtaa wa Invalidenstraße. Twendeni tukamwone.

Unakata tiketi, unapita mlangoni, na huyo hapo, katikati ya ukumbi wenye paa la kioo. Kila anayeingia hufanya jambo moja: hurudisha kichwa nyuma mpaka kofia inataka kudondoka. Mtazameni miguu. Ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unateremka kama wa twiga, ndiyo maana wataalamu wakamwita Giraffatitan. Kile kichwa kilichoko juu ni cha kuigiza. Chenyewe kimehifadhiwa kando kwenye kioo, maana hakifai kuning'inizwa huko. Na mifupa yote si ya mnyama mmoja. Iliyopungua iliazimwa kwa wenzake.

Sasa niulizeni: alifikaje huko?

Ilikuwa kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani wakiwa ndio watawala. Huku kwetu reli yao ilikuwa inaingia Dodoma. Kule kusini Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, vimeacha njaa na makaburi. Makumbusho ya Berlin yakawatuma wataalamu wao Tendaguru, nao wakaajiri wenyeji kuchimba. Walianza wachache, wakafika mamia.

Mfupa uliokaa ardhini miaka yote hiyo umegeuka jiwe, lakini jiwe lenye nyufa. Ukiugonga vibaya unakuwa kokoto. Kwa hiyo waliufukua taratibu, wakaupaka plasta au udongo, wakaufunga kwa mianzi kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Halafu? Gari hakuna. Punda na ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Ilibaki kichwa cha mtu. Mzigo mdogo alibeba mmoja, mkubwa ulifungwa kwenye mti wakaubeba wengi, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Jumla yake ilizidi tani 200. Sikilizeni tena: tani 200, vichwani.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua kuutoa mfupa mzima mahali ambapo mwingine angetoa vipande, na wageni walimtegemea. Lakini mwaka 1914 mjusi alipopewa jina la kitaalamu, aliheshimiwa Branca, bwana mmoja aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Mnyama akaitwa brancai, na ni brancai hadi leo. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Miaka tisini na mitatu! Mimi naona ni aibu, hata kama heshima imefika.

Je, arudishwe? Swali hilo limeulizwa hapahapa Dodoma, Bungeni, na wabunge wa kusini, tena zaidi ya mara moja. Wapo wanaosema ni wetu, arudi. Wapo wanaosema kumtunza ni gharama kubwa, afadhali tupate faida yake akiwa hukohuko. Mimi nasema walau watoto wa Lindi wasilazimike kupanda ndege ili waone kilichobebwa na babu zao. Ninyi jadilianeni, msigombane.

Na yeyote kati yenu atakayebahatika kufika Berlin, akishachoka kutazama juu, atafute pale ukumbini jina la Boheti bin Amrani. Asipoliona, amwulize mhudumu, kwa sauti ya kusikika.

Haya, kunjeni kamba upesi. Mama ameshatoka na beseni la nguo.