Taa ya kadi inawaka, mbona pakiti hazitoki?

Leo naungama. Kwenye kafe moja ninayosaidia mambo ya kompyuta, siku moja mtandao ukawa unakwenda, unasimama, unakwenda, unasimama. Dada mmoja anajaza fomu ya mkopo wa chuo, na ndiyo siku ya mwisho. Mwenye kafe anailaumu laini. Kumbe ni mimi! Usiku wake nilifuta mstari mmoja tu.

Iko hivi. Kompyuta inayogawa intaneti pale ni ya zamani, ina Linux na kadi ya RTL8139. Kadi hiyo ina nafasi 4 tu za pakiti zinazosubiri kutoka. Draiva yake, 8139too, ikipewa pakiti inainakili kwenye nafasi iliyo wazi, inaiambia kadi ukubwa wake, halafu inaendelea na mengine. Haisubiri.

Sasa itajuaje kwamba pakiti imetoka? Hapo ndipo inapokuja intarapti. Konda wa daladala anagonga bodi, dereva anajua abiria kashuka. Na kadi vilevile: ikimaliza kutuma inaishtua prosesa, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya na kuiita draiva. Draiva inafanya haya:

1. Inasoma rejista ya hali kujua kumetokea nini: pakiti imeingia, imetoka, au kuna hitilafu.

2. Inafuta ile alama. Kichekesho ni kwamba unaifuta kwa kuandika 1, siyo 0. Usipoifuta, kadi itaendelea kugonga tu.

3. Inakagua nafasi kuanzia ya zamani zaidi. Msidhani intarapti moja ni pakiti moja, zinaweza kuwa zimetoka mbili au tatu. Zilizotoka inazihesabu, zenye kasoro inaziandika kwenye makosa. Ikifika kwa ambayo haijaisha, inaishia hapo.

4. Nafasi ikipatikana, inaiambia kerneli: fungua foleni, leta nyingine. Mstari wenyewe ni netif_wake_queue.

Huo wa mwisho ndio niliofuta, eti nasafisha kodi! Nikajaribu kwa ping, safi kabisa. Lakini ping inatuma pakiti moja moja, kwa hiyo nafasi 4 hazijai na foleni haifungwi. Asubuhi watu wamejaa, nafasi zote zikashikwa kwa mpigo, foleni ikafungwa na hakuna wa kuifungua. Taa inaendelea kuwaka kwa sababu pakiti zinazoingia bado zinakuja. Zikipita kama sekunde 6, mlinzi wa kerneli anaona kimya kimezidi, anaianzisha kadi upya. Mtandao unakwenda kidogo, halafu yale yale. Kwenye logi nikakuta NETDEV WATCHDOG imejipanga mstari baada ya mstari. Hapo jasho likanitoka.

Nilirudisha mstari, mambo yakakaa sawa. Yule dada nikamwomba radhi, tukamwachia mashine bure mpaka akatuma fomu saa nne usiku.

Kwa hiyo wazee, ukigusa draiva usiridhike na ping. Tuma mafaili makubwa kutoka mashine tatu kwa pamoja, foleni ijae kweli. Na usijaribie kwenye mashine ambayo watu wanaitegemea. Mimi nimeshajifunza.

Nawasilisha. Aliyewahi kuboronga kama mimi aseme hapo chini, tusichekane.