Tangi la Maji Taka na Kisima cha Jirani

Mtu akichimba shimo katika kiwanja chake huko Likoni au Kisauni, karibu na ufuo, hafiki mbali kabla sururu haijagonga jiwe la matumbawe. Jiwe hilo huonekana gumu, lakini lina matundu na nyufa nyingi, nalo hupitisha maji upesi. Kwa sababu hiyo choo na kisima, ambavyo hupatikana pamoja katika viwanja vingi, haviko mbalimbali kama macho yanavyodhani. Juu ya ardhi pana ua kati yake. Chini hapana ua.

Mabomba makubwa ya maji taka hayafiki kila mtaa. Upande wa Changamwe uko mtambo wa Kipevu wa kusafishia maji hayo, lakini nyumba nyingi sana za ng'ambo ya kisiwa hutegemea choo cha shimo, au tangi lililojengwa chini ya ardhi. Tangi hilo wengine huliita karo, na wengine shimo tu. Hapa tutaliita tangi, maana kazi yake si ile ya shimo la kawaida.

Watu wengi hudhani kwamba tangi ni ghala ya uchafu na basi. Sivyo. Aliyelivumbua alikuwa Mfaransa, Jean-Louis Mouras, aliyejenga la kwanza yapata mwaka 1860 na kupewa hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Husimuliwa kwamba alipolifungua baada ya miaka mingi alistaajabu kuona uchafu mzito uliobaki ni kidogo. Waliokuwa wameula ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi pasipo hewa. Vitu vizito huzama chini vikawa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea juu vikawa utando. Na maji yaliyo katikati hupita kwenda chumba cha pili, kisha hutoka kwenda shimo la kuzamishia. Chumba cha kwanza hufanywa kikubwa kuliko cha pili, ili maji yatulie.

Basi mwenye nyumba akijua kwamba ndani ya tangi lake kuna wafanyakazi wasiodai mshahara, atajua pia yasiyowafaa. Dawa kali za kuulia vijidudu zikimiminwa kwa wingi chooni huwaua hao pia. Mafuta ya kupikia, mchanga wa kusugulia sufuria, vitambaa, nepi na mifuko ya plastiki havioi, huziba njia. Kuna unga na dawa za maji zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kwamba tangi halitahitaji kunyonywa tena. Msomaji aziweke fedha zake. Vijidudu huja vyenyewe kila siku pamoja na uchafu, na hakuna unga uwezao kuondoa mchanga.

Kupima tangi si kazi ngumu. Chukua ufito mrefu, uufunge kitambaa cheupe, uushushe taratibu hata chini, kisha uutoe. Alama nyeusi ya tope itaonekana. Likifika thuluthi moja ya kina cha maji, wakati wa kuita gari la kunyonya umewadia. Nyumba ya wapangaji wengi itafika hapo mapema kuliko nyumba ya watu wanne, na si haki kumlaumu mpangaji wa chumba cha mwisho.

Jambo moja tulitaje kwa mkazo. Mtu asiingie ndani ya tangi wala shimo, hata likiwa limekwisha kunyonywa, hata kwa dakika moja kufuata ndoo iliyoanguka. Hewa iliyomo ina sumu. Mwanzo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imekwisha. Mara nyingi aingiaye huanguka, ndugu yake humfuata kumwokoa, naye huanguka juu yake. Wala asiwashe kibiriti kutazama ndani, kwa kuwa mna pia hewa iwakayo moto.

Tangi lenye ufa au bomba la hewa lisilo na wavu huzaa mbu wa aina ya Culex, apendaye maji machafu. Katika pwani yetu mbu huyu hueneza matende na mabusha. Zamani watu wa afya walikuwa wakimwaga mafuta mashimoni ili kuwaua viluwiluwi, lakini penye matumbawe mafuta hayo nayo hutafuta njia ya kisima. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walitia chembe nyepesi za plastiki katika vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zilielea zikafunika maji yote, mbu wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa waliyopewa watu, ugonjwa ukapungua sana.

Turudi kwenye kisima. Maji yatokayo katika tangi, hata yakionekana maangavu, bado yana vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu. Desturi ni kuacha mita 30 kati ya shimo na kisima. Lakini katika matumbawe hata hizo huenda zisitoshe, hasa wakati wa masika ambapo maji ya chini hupanda. Kwa hiyo maji ya kisima cha uani yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa. Changamwe shida ni kinyume: udongo wake mzito hukawia kunywa maji, na shimo hufurika likatiririka uchochoroni.

Siku hizi wengine huzika matangi ya plastiki. Penye maji ya juu, tangi la namna hiyo likinyonywa lote wakati wa masika laweza kuinuliwa na maji yaliyo chini yake na kukata mabomba. Afadhali linyonywe kabla ya mvua. Na dereva wa gari aulizwe, kabla ya kulipwa, anakwenda kumwaga wapi. Mikoko ya Mikindani imekwisha kupokea maji taka ya kutosha.