Akili, Afya na Maisha Marefu: Je, ni Damu ya Ukoo tu?

Kila mwaka shule zifunguliwapo, sisi walimu wa Djugu twasikia neno lile lile. Mzazi aja na watoto wawili. Mmoja amshika mkono, mwingine amemwacha mlangoni, naye asema: "Mwalimu, mwandike huyu. Yule kichwa chake ni kizito. Ndiyo damu ya ukoo wa mama yake." Basi yule wa mlangoni arudi nyumbani kuchunga mbuzi. Hukumu imekatwa kabla hajashika kalamu. Wapenzi wasomaji, tuipime hukumu hiyo.

Kwanza tukubali lililo kweli: akili, afya na wingi wa miaka hufuatana. Tarehe 1 Juni 1932 watoto wa Skotlandi waliozaliwa mwaka 1921, karibu wote, waliketi kufanya mtihani mmoja wa akili. Jumla yao 87,498. Miaka mingi baadaye mabwana Lawrence Whalley na Ian Deary wakawatafuta wale wa mji wa Aberdeen, na mwaka 2001 wakatangaza waliyoyaona. Watoto waliopata alama nzuri walipokuwa na miaka 11, ndio waliofika zaidi umri wa miaka 76.

Huko Marekani bwana David Snowdon alianza mwaka 1986 kuwachunguza masista wazee wa shirika la School Sisters of Notre Dame, na mwishowe walioshiriki walikuwa 678. Masista hao walikuwa wamekula chakula cha namna moja na kuishi maisha ya namna moja, tena walikubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Katika nyumba za shirika zilikuwako karatasi ambazo baadhi yao walikuwa wameziandika ujanani, kueleza maisha yao. Ikaonekana kwamba wale ambao maandishi yao yalijaa mawazo, wachache wao walipatwa na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1996.

Mtu atauliza: basi si damu hiyo? Naam, damu ina sehemu yake. Uchunguzi wa mapacha wa Uswidi, Denmark na Marekani, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba uhusiano kati ya akili na maisha marefu watoka zaidi katika urithi wa wazazi.

Lakini mkulima na atusaidie hapa. Ukipanda mahindi katika shamba moja lenye rutuba, lililopaliliwa lote sawasawa, bua moja likipita jingine utasema ni tofauti ya mbegu, nawe utasema kweli. Lakini ukipanda nusu bondeni na nusu juu ya mawe, je, utailaumu mbegu ya mawe? Nchi zile tatu ni kama shamba lililopaliliwa: wengi hupata chakula, daktari na shule. Kwetu sisi mawe bado ni mengi.

Mfano u karibu nasi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, waganga kutoka Ubelgiji walichunguza ugonjwa wa rovu katika miaka ya 1960. Upande wa kaskazini watu wengi sana walikuwa na rovu, na watoto wengine walizaliwa wafupi, wazito wa akili, hata mabubu. Si laana, wala si ukoo mbaya. Mvua huosha udongo wa milima na kuyachukua madini joto, yaani iodini. Na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzuia mwili usiyatumie hata yale machache yaliyobaki. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa.

Je, huweza kuzuiwa? Katika Papua Guinea Mpya waganga waliwapiga mama wa jamaa fulani sindano ya mafuta yenye iodini, na wa jamaa nyingine sindano isiyo na iodini. Matokeo yalitangazwa mwaka 1971. Mama waliopata iodini kabla ya kushika mimba, watoto wao karibu wote waliokoka na ulemavu ule. Kijiji kilikuwa kile kile, na damu ile ile. Iliyowatenga ni iodini.

Tena kuna jambo la shule. Wataalamu walipohesabu habari za nchi 175 tangu mwaka 1970 hata 2009, waliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliookolewa na kifo chaweza kuhesabiwa kuwa tunda la elimu ya wanawake. Basi msichana anayerudishwa nyumbani leo, ndiye mama wa kesho ambaye hatajua kusoma karatasi ya dawa.

Twajua hali ya Djugu. Tangu Desemba 2017 vita vimewafukuza maelfu na maelfu, na mama aliye kambini hana uchaguzi mwingi. Lakini yako mambo yasiyodai mali nyingi. Nunua chumvi yenye iodini, uiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi, na uitie chunguni mwishoni mwa kupika. Loweka muhogo siku zake zote kabla ya kuuanika. Mlaze mtoto chini ya chandarua, maana malaria ikipanda kichwani yaweza kuacha ulemavu wa akili hata mtoto akipona. Mama mjamzito aende kupimwa mapema.

Na wewe baba, ukija shuleni, usimwache mmoja mlangoni. Huenda hasikii vizuri; huenda macho yake ni dhaifu, au minyoo inakula damu yake. Mpeleke kwanza kwa mganga wa zahanati, kisha mlete kwetu. Mbegu hukupewa uichague. Kupalilia ni kazi yako, nasi tutakusaidia.