Bata wa tairi, simba wa simenti: "kusafisha mji" maana yake nini?

UZI. Ukifuatilia mijadala ya siasa za kaunti utaisikia hii kila mara. Mmoja anasema, "Tutasafisha mji wetu uwe na hadhi." Mwingine anajibu, "Acheni kuonea wanyonge." Makofi. Halafu wanahamia kwa barabara na hakuna aliyeeleza kitu. Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwetu ni Mosocho, na hii ngoma inachezwa karibu na nyumbani. Basi leo tuichambue polepole. Kama kawaida ya hapa, hatutaji chama wala mwanasiasa.

Kwa wasiopajua, Mosocho iko kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu, si mbali na mji wa Kisii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti nzima, yaani kama watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nafasi imeisha. Mji ukitaka kukua, unakuja kwetu. Shamba la ndizi linakuwa ploti, ploti inakuwa flati, na aliyepanga ghorofa ya tatu anaangalia chini kwenye boma lililokuwa hapo kabla baba yake hajaoa.

Na ndani ya maboma kuna vitu. Matairi yamekatwa yakageuzwa bata na kasuku, yakapakwa nyekundu na njano. Vipande vya mawe ya Kisii vilivyopasuka mchongaji akiwa kazini vimepangwa kando ya njia. Chupa zimezikwa shingo chini zikawa ukingo wa maua. Sasa geuza macho upande wa pili wa barabara: geti jipya la chuma, na juu ya nguzo zake simba wawili wa simenti, midomo wazi. Hakuna simba Kisii, lakini sijawahi kusikia mtu akiwaita hao simba takataka. Bata wa tairi ndiye anaitwa takataka.

Shikilia hiyo picha, tutarudi kwake.

Mtu akisema "sheria za mji zifuatwe", amechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja: kitu kimesimama wapi, kina hatari gani, na kinapendeza au hakipendezi. Sheria inayajua yote matatu lakini haiyapi uzito sawa.

Kuhusu mahali, mimi sina huruma nyingi. Kama bata wako amesimama kwenye hifadhi ya barabara, hiyo si ardhi yako, hata kama babu yako alilima hapo. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 haikuruhusu kuweka kitu hapo bila kibali, kiwe kibanda cha mahindi au sanaa. Na kuna sababu ya kweli: kwenye kona, mwenye bodaboda asipoona gari linalokuja, mtu anakufa. Wale wanaopiga kelele "ni sanaa!" wakati kitu kiko mita moja kutoka lami wanajidanganya.

Hatari pia ni jambo la kweli. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iko tangu 1921, enzi za mkoloni, na inahesabu maji yanayoweza kuzalisha mbu kuwa kero. Tairi linashika maji ya mvua, na huku mvua hainyeshi kwa mwaliko. Nyanda za juu za Kisii zimewahi kupata milipuko ya malaria, kwa hivyo jirani anayelalamikia tairi si lazima awe na roho mbaya. Lakini angalia dawa yake: toboa tairi chini, au lijaze udongo upande maua. Dakika tano. Afisa akiandika "ondoa vyote ndani ya siku saba" badala ya "toboa", jua ameshaondoka kwa mbu na ameingia kwa jambo la tatu.

Jambo la tatu ni sura. Ni hapa siasa yote iko.

Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa sanaa kwa jina. Kifungu cha 40 kinalinda mali yako. Kifungu cha 66 nacho kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa sababu kadhaa: ulinzi, usalama, utulivu, maadili, afya ya umma, na upangaji wa matumizi ya ardhi. Hakuna palipoandikwa "kwa sababu mpangaji mpya hapendi rangi ya njano". Ila tusidanganyane, hilo neno "upangaji" ni pana, na mambo ya urembo hupenya kupitia hapo. Hata neno "kero" ni pana. Sheria ndogo za Nairobi za 2007 kuhusu kero zilifikia hadi kukataza kupenga kamasi bila kitambaa! Neno pana namna hiyo ukimpa kanjo, atalitumia kwa yule atakayemkuta kwanza.

Tena Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti ileile kazi mbili: kudhibiti kero za umma na matangazo ya nje, na kushughulikia shughuli za utamaduni. Idara moja inaandaa tamasha la wachongaji, nyingine inaweka X nyekundu. Si unafiki wa mtu mmoja. Ndivyo kazi zilivyogawanywa, na mwenye sauti kubwa ndiye huamua ni idara gani itatoka ofisini leo.

Sauti kubwa ni ya nani? Kwa kawaida maafisa hawana gari la kuzunguka kila boma, kwa hivyo wanafuata malalamiko. Boma likikaa miaka ishirini bila mtu kulalamika, sheria ilikuwepo, ila ililala. Inaamka wapangaji wapya wakifika, au mwenye flati akitaka mandhari ya kuuzia vyumba. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: kitu hiki kilianza kuwa kosa mwaka gani, na ni nani alihamia mwaka huo?

Kwenye vitabu vyetu vya darasani, mji unaobadilisha wenyewe unaelezwa kwa kodi: matajiri wanaingia, kodi inapanda, wapangaji wa zamani wanatoka. Huku Gusii haiendi hivyo kabisa. Mzee si mpangaji. Shamba ni lake na makaburi ya wazazi wake yako hapohapo uani. Huwezi kumfukuza kwa kodi. Anachoshwa: leo notisi, kesho faini, keshokutwa dalali na bei nzuri.

Duniani haya yamewahi kutokea, na matokeo yalitofautiana sana.

Los Angeles, mtaa wa Watts, mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia, alijenga minara uani kwake kuanzia 1921 hadi 1954. Vyuma, simenti, vigae vilivyovunjika, chupa, makombe ya baharini. Mrefu zaidi unafika karibu mita 30. Jiji likasema ni hatari, libomoe. Waliotaka ibaki hawakubishana kuhusu urembo. Walisema: tupime. Oktoba 1959 mnara ukavutwa kwa nguvu ya pauni 10,000, kama kilo 4,500. Ukasimama. Hoja ya hatari ikaisha siku hiyo, na 1990 minara ikatangazwa alama ya kihistoria ya taifa zima.

Detroit haikuwa na bahati hiyo. Tyree Guyton alianza 1986 kupamba nyumba zilizoachwa kwenye mtaa wa Heidelberg kwa rangi na vitu vilivyotupwa. Jiji lilibomoa sehemu ya kazi yake 1991, likarudi tena 1999.

Ninayoipenda zaidi ni ya Chandigarh, India, mji uliopangwa kwa rula. Nek Chand, mkaguzi wa barabara, yaani mtu wa serikali, alijenga kwa siri sanamu za vigae na bangili zilizovunjika kwenye ardhi ya umma iliyokatazwa kujengwa. Kwa sheria, alikuwa na makosa wazi. Walipoigundua, badala ya kubomoa, serikali ilifungua bustani kwa umma 1976 na kumpa mshahara na wafanyakazi.

Na sisi? Sanamu ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, imesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Jiwe ni fahari ikiwa imepanda ndege. Kipande cha jiwe kama hilo kikiwa kwa geti la mzee, ni "vitu vimetupwatupwa".

Kwa hivyo mgombea akisema atasafisha mji, mwulize kwa sauti: unazungumzia hifadhi ya barabara, mbu, au sura? Akisema sura, mwulize na simba wa simenti watatolewa lini.

Na kwa wale wameniuliza inbox kuhusu notisi za wazazi wao: soma karatasi kwanza, usisome uso wa aliyeileta. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kama ni notisi ya utekelezaji chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya upangaji, nayo ina siku 30 za kuamua. Siku 14 zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa, si tangu kijana wako arudi kutoka Nairobi. Piga picha uani kabla hujasogeza kitu chochote. Na yale matairi, tafadhali, yatoboe leo.